Mkono Umeshika, Mwenye Mkono Asemaje? Nani Hulipia Utafiti wa Kumsikiliza Mgonjwa

Mnamo Septemba 1998, mjini Lyon nchini Ufaransa, kikosi cha madaktari kilichoongozwa na Jean-Michel Dubernard kilimpandikiza Clint Hallam, raia wa New Zealand, mkono wa mtu aliyefariki. Mfupa uliunga, damu ikapita, vidole vikaanza kuitika. Februari 2001 mkono huohuo ulikatwa mjini London, kwa ombi la Hallam mwenyewe. Alikuwa ameacha kumeza dawa, na akaeleza kwamba nafsi yake ilikuwa imejitenga na mkono ule.

Miaka michache baadaye, Guangzhou, China, mwanamume mmoja alipandikizwa uume. Mishipa ilishonwa vizuri na damu ikapita. Baada ya siku 14 madaktari walilazimika kuuondoa. Sababu waliyoiandika ni shida kubwa ya kisaikolojia iliyomkumba mgonjwa pamoja na mkewe.

Kwa vipimo vya chumba cha upasuaji, kazi ilifanyika pale na hapa. Kilichokatika kilikuwa mahali ambapo uzi wa daktari haufiki. Ili kukijua mapema, mtu lazima aketi na mgonjwa, na mke wake, na mama yake, awaulize na awasikilize kwa muda mrefu. Kuketi huko kuna gharama. Makala haya yanahusu gharama hiyo: ni pesa za nani, zinanunua nini, na kwa nini ni ngumu kupatikana.

Jambo hili laweza kuonekana la ughaibuni ukiwa Malindi au Lamu. Silioni hivyo. Vilipuzi vilivyotegwa katika barabara za Lamu ya bara vimeua na kujeruhi askari na raia. Boda boda zinatupa majeruhi wa miguu na mikono kila pembe ya Pwani, na taa na majiko ya mafuta yanaacha makovu usoni mwa watoto. Zaidi ya hapo, Wakenya wengi wenye maradhi mazito huelekea India kutafuta tiba, na huko Kochi, katika jimbo la Kerala, hospitali ya Amrita ilipandikiza mikono miwili kwa mgonjwa mmoja Januari 2015. Kerala ndiyo pwani ileile ya Malabar ambayo majahazi yetu yaliiendea kwa upepo wa kusi. Umbali wa teknolojia hii ni mdogo kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewe upasuaji wenyewe. Mtu akipandikizwa figo, amepewa kiungo kimoja chenye kazi moja kubwa, kinakaa ndani na hakuna anayekiona. Mkono au uso ni mkusanyiko: ngozi, misuli, mfupa, neva na mishipa ya damu, vyote kutoka kwa marehemu mmoja, vyote viungwe pamoja. Ngozi ndiyo inayoichokoza zaidi kinga ya mwili, kwa hiyo mgonjwa humeza dawa za kuidhoofisha kinga hiyo maisha yake yote. Dawa hizo zina bei yake mwilini: maambukizi, kisukari, figo kuharibika, na baadhi ya saratani. Neva nazo haziharakishwi. Hukua takriban milimita moja kwa siku, hivyo aliyepandikizwa kuanzia karibu na kiwiko atasubiri zaidi ya mwaka kabla ncha za vidole hazijahisi kitu.

Sasa hapa ndipo penye fundo. Asiye na figo bila mashine ya kusafisha damu atakufa. Asiye na mkono hafi. Anayekubali mkono wa kupandikizwa anauweka hatarini uhai ambao haukuwa hatarini, kwa tumaini la kuishi vizuri zaidi. Ikiwa lengo ni kuishi vizuri, basi anayeweza kusema kama lengo limefikiwa ni yule anayeishi nao, wala si picha ya eksirei.

Takwimu zinasaidia, lakini zina mpaka. Duniani mikono iliyopandikizwa ni zaidi ya mia moja, na nyuso ni takriban 50, tangu Isabelle Dinoire apewe sehemu ya uso mjini Amiens, Ufaransa, Novemba 2005. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya nyuso zilizopandikizwa zilikuwa hai baada ya miaka mitano, na asilimia 74 baada ya miaka kumi. Hizo ni habari njema za tishu. Hazisemi kama mwenye uso alirudi sokoni, kama mwanawe alimkimbilia au alimkimbia, au kama alivunja kioo. Na kwa watu takriban 50 waliotapakaa katika nchi 11, wenye majeraha tofauti na umri tofauti, hesabu za kitakwimu hazina unga wa kutosha kukanda.

Halafu kuna shida ya maswali yenyewe. Dodoso linalotumika sana kupima mkono, DASH, lina maswali 30 na liliundwa Amerika Kaskazini miaka ya 1990. Linamuuliza mgonjwa kama anaweza kufungua chupa iliyokazwa kifuniko, kuandika, kugeuza ufunguo, kuandaa chakula, kukata chakula kwa kisu. Maelekezo yake yanasema wazi kwamba haidhuru mgonjwa ametumia mkono gani.

Haidhuru? Tuchukue mfano wa mwanamume wa Langoni au Mkomani, mitaa ya Lamu, aliyepoteza mkono wa kulia. Amejizoeza wa kushoto mpaka anaandika, anafungua mlango, anakata nyama. Dodoso litampa alama nzuri. Lakini harusini, wenzake wakizunguka sinia la pilau, yeye atanyoosha mkono upi? Atamsalimia shehe kwa upi? Mkono aliokuwa akijisitiri nao chooni ndio huohuo sasa anaokulia chakula. Kuna wanaume watakaoacha kwenda shughulini kabla ya kujibu swali hilo mbele za watu. Kwa mama wa Malindi swali laweza kuwa kukuna nazi, au kumsuka binti nywele, au kumshika mtoto mchanga na kuhisi joto la homa kwa kiganja. Hakuna hata moja katika maswali yale 30. Dodoso si baya. Limetungwa na watu wanaokula kwa uma na kisu, likapima maisha wanayoyajua.

Kisha yapo maswali ya dini, ambayo kwetu hayawezi kuwekwa pembeni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1988 likaruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti. Mwaka 1990 likarudi kwenye viungo vya uzazi: baadhi ya vile visivyorithisha nasaba vinaweza kuhamishwa kwa dharura ya kisheria, ila sehemu za nje zenye hukumu ya uchi mzito hazikuruhusiwa. Huo ni uamuzi wa wanazuoni. Anachokifikiri mgonjwa usiku, mkono wa mtu mwingine ukiwa unatawadha na kuinuliwa katika takbira yake, ni jambo jingine, na mtafiti hatalikuta kwenye fatwa. Atalikuta kwa kuuliza.

Kuuliza kwa namna hiyo ndiko kunakoitwa utafiti wa kimaelezo. Badala ya watu elfu moja wakiweka alama kwenye visanduku, unachukua watu wachache waliochaguliwa kwa sababu: aliyepandikizwa na anafurahi, aliyepandikizwa na akaomba uondolewe, aliyepewa nafasi akaikataa, mke anayepanga dawa, mzazi wa marehemu aliyetoa. Unafanya nao mahojiano ya kina, unarekodi, unaandika kila neno, kisha unasoma na kurudia kusoma ukitafuta mambo yanayojitokeza na yale yanayopingana. Unaendelea na watu wapya mpaka pale wanaofuata hawaongezi jipya. Anayelipinga wazo lako hatupwi kapuni. Yeye ndiye unayemrudia mara mbili. Kazi hii ina nidhamu yake. Tangu 2007 upo mwongozo wenye vipengele 32 wa kuandika ripoti za mahojiano: nani alihoji, ana uhusiano gani na mgonjwa, wangapi walikataa, maandishi yalirudishwa kwa wahojiwa au la.

Hata hivyo heshima yake imechelewa. Mwaka 2016 wanazuoni 76 kutoka nchi 11 waliliandikia jarida la udaktari la BMJ barua ya wazi, kulalamika kwamba tafiti za aina hii zilikuwa zikikataliwa kwa kuonekana hazina kipaumbele. Mhariri anapofunga mlango, mfadhili naye husita, kwa sababu mfadhili anataka kazi itakayochapishwa na kunukuliwa. Mtafiti kijana huona hilo na kwenda kupima damu.

Sasa pesa. Mfuko mkubwa uliosukuma upandikizaji wa mikono na nyuso ni wa jeshi la Marekani. Sababu ni ya wazi na ya kusikitisha: vita vya Iraq na Afghanistan viliwaacha askari wao zaidi ya 1,500 wakiwa wamekatwa viungo, wengi kwa mabomu ya kutegwa njiani. Mmoja wao, Brendan Marrocco, alipoteza mikono yote miwili na miguu yote miwili mwaka 2009, akapandikizwa mikono huko Baltimore Desemba 2012. Mwaka huohuo wa 2012 Bunge la Marekani lilianzisha, ndani ya mipango ya utafiti wa tiba ya wizara ya ulinzi, programu maalumu ya utafiti wa upandikizaji wa kurejesha maumbile. Kwa miaka ya kwanza hamu ilikuwa kwenye kinga ya mwili: dawa kidogo zaidi, kukataliwa kuchache zaidi, mkono ukae nje ya mwili kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuunganishwa. Baadaye ndipo ikafunguliwa ruzuku mahsusi ya utafiti wa kimaelezo, kuhusu yanayowakuta waliopandikizwa, wanaofikiria kupandikizwa, na familia zao.

Inafaa kujua kwa nini jeshi lilifika huko, maana halikuwa kwa hisani tu. Mipango hiyo ya utafiti ilianza mwaka 1992 kwa shinikizo la wanawake wa Marekani wenye saratani ya matiti, waliolibana Bunge litenge pesa. Tangu hapo imekuwa desturi kwamba andiko la utafiti linasomwa mara mbili: kwanza na wataalamu wanaopima ubora wa sayansi, kisha na jopo linalopima kama kazi inafaa malengo ya programu. Katika meza zote mbili huketi pia watu walioishi na ugonjwa au jeraha lenyewe, na kura yao ni kura kamili. Mtu aliyepoteza mkono anaweza kumuuliza profesa: swali lako hili litanisaidia nini asubuhi ninapovaa shati? Naliona hili kuwa jambo bora kuliko yote katika mfumo ule, na ndilo ningependa tulichukue kwanza.

Lakini pesa za jeshi hufuata mahitaji ya jeshi. Mgonjwa anayefikiriwa kwanza ni askari kijana, mwanamume, mwenye hospitali ya kumfuatilia na serikali ya kumlipia. Mwanamke aliyeungua kwa mafuta ya taa Magarini hayumo katika picha hiyo. Hata hospitali huitegemea ruzuku: wakati bima za Marekani zilipouona upandikizaji huu kuwa bado ni majaribio, ruzuku ya utafiti ndiyo iliyolipa upasuaji wenyewe, na ruzuku ikiisha mgonjwa hubaki na dawa za kununua. Hilo nalo ni jambo ambalo mahojiano yanapaswa kuligusa, na ni vigumu kuligusa pale anayelipia mahojiano ndiye aliyelipia mkono.

Ipo mifuko mingine. Uingereza, kupitia taasisi yake ya serikali ya ufadhili wa utafiti, ilimlipia mwanahistoria Fay Bound Alberti kuchunguza upande wa kihisia na kiutamaduni wa upandikizaji wa nyuso, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha York. Na sisi tuna wa karibu zaidi. Kilifi, kaunti ileile ya Malindi, kuna kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa Uingereza wa utafiti wa afya, kilichoanza mwaka 1989. Kinajulikana kwa malaria na chanjo, lakini kwa miaka mingi kimekuwa pia na watafiti wa jamii wanaochunguza ridhaa, hofu, uvumi, na jinsi watu wanavyouelewa utafiti, kwa Kiswahili na Kigiriama, wakisaidiwa na wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji. Ujuzi wa kuketi na mtu na kumsikiliza upo saa moja tu kwa matatu kutoka Malindi.

Na upasuaji wa kurekebisha maumbile una historia yake Afrika Mashariki. Madaktari watatu walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji wa fani hiyo. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, akawahimiza watoke hospitalini waende mjini na nyuso zao zikiwa bado zinarekebishwa, akawaandaa wenyeji wa mji wawapokee bila kuwakodolea macho. Wagonjwa wakaunda chama chao mwaka 1941. Alielewa kwamba nusu ya tiba iko machoni mwa wanaokutazama.

Pesa hizi hununua nini hasa? Watu hudhani mahojiano ni bure kwa sababu ni maneno. Chukua mahojiano 30 ya saa moja na nusu: hizo ni saa 45 za sauti. Kila saa ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno, kwa hiyo uandishi peke yake ni takriban siku 23 hadi 34 za kazi ya saa nane, kabla ya kutafsiri, kabla ya kuchambua. Ongeza mshahara na mafunzo ya mhojaji. Ongeza boti, maana mgonjwa wa Faza, Siyu au Kiunga hafikiwi kwa pikipiki, na bahari ya kusi haina adabu na ratiba ya mradi. Ongeza nauli na fidia ya muda wa mhojiwa, ambaye siku ile hakwenda kuvua. Ongeza mshauri wa kisaikolojia wa kumpokea anayevunjika moyo katikati ya swali. Mradi usio na mtu huyo kwenye bajeti haufai kuidhinishwa. Ongeza ada za kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti nchini, na asilimia inayokatwa na taasisi yenyewe.

Kinachokatwa kwanza pesa zikipungua huwa ni ziara ya pili. Hapo ndipo utafiti unapokufa, na yeyote aliyewahi kumjulia hali mgonjwa wa Pwani anajua kwa nini. Siku ya kwanza ukimuuliza, atakujibu: "Alhamdulillahi, namshukuru Mungu na madaktari." Ni jibu la kweli na ni jibu la adabu. Amefanyiwa hisani kubwa, ataanzaje kulalamika kwa mgeni aliyekuja na beji ya hospitali? Ziara ya pili anakutolea chai. Ya tatu ndipo anakwambia kwamba mkewe hajaushika mkono ule, au kwamba anaficha vidonge viwili kila juma ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mradi wa ziara moja utaandika kwamba wagonjwa wote wameridhika.

Siri ni kikwazo kingine, na pesa hazikitatui chote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Lakini ukiwa wewe peke yako nchini mwenye mkono wa kupandikizwa, kubadilishiwa jina hakukufichi. Sema "mvuvi wa miaka arubaini, kisiwani" na Lamu nzima imeshamjua. Watafiti waangalifu huwaonyesha wahojiwa nukuu zao kabla ya kuchapa, huunganisha habari za watu kadhaa, au huacha maelezo mazuri kabisa yakae sandukuni. Mfadhili anayedai rekodi zote ziwekwe wazi kwa watafiti wengine anapaswa kuambiwa kwamba hapa haiwezekani.

Basi tusubiri mpaka Kenya ipandikize mkono ndipo tuanze kuuliza? Naona hilo ni kosa. Wapo tayari Wakenya waliopandikizwa figo, wanaomeza dawa za jamii ileile ya kushusha kinga, nyingine kila baada ya saa 12. Ramadhani inapoingia, na saumu ya kwetu karibu na ikweta inazidi saa 13 kutoka alfajiri hadi magharibi, wanafanyaje? Nani aliwashauri, daktari au shehe, au walikata shauri wenyewe? Wapo waliokatwa miguu wanaovaa ya bandia, na walioirundika uvunguni mwa kitanda. Wapo wenye makovu ya moto usoni, na wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kurekebisha. Utafiti kwa watu hawa ni wa gharama ndogo, unaweza kuanza na wauguzi wa Malindi na wa hospitali ya King Fahd, Lamu, na majibu yake yatatumika siku daktari wa kwanza atakapomwambia mgonjwa wa huku kwamba kuna mkono umepatikana. Afrika Kusini iliwapa watu mfano: Desemba 2014, madaktari wa hospitali ya Tygerberg, Cape Town, wakiongozwa na André van der Merwe, walipandikiza uume kwa kijana aliyeupoteza kwa madhara ya tohara ya jando, na ukafanya kazi. Waliujua mkasa wa Guangzhou, na walijua pia jeraha lile lina maana gani kwa kijana wa jamii yake.

Kwa hiyo mtafiti akifika Shela au Watamu na karatasi yake ya ridhaa, yapo mambo ya kumuuliza kabla ya kutia sahihi. Nani anakulipa, na je, ni yuleyule anayeuza dawa au anayemiliki hospitali? Sauti yangu itahifadhiwa wapi, na nikijuta wiki ijayo itafutwa? Utanijia mara ngapi? Matokeo yatasomwa wapi, Nairobi na London pekee, au pia hapa barazani, kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa? Hilo la mwisho lidai likiwa limeandikwa kwenye bajeti, na nauli yake ya boti imo, kwa sababu ahadi ya mdomo ya kurudi huisha siku ruzuku inapoisha.